Chungu Kilichotoka Kwenye Mahame

6 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kwenye kigoda na mikono umenawa, ingawa nakujua: utaifungua kwa vidole vyenye udongo na nusu ya maneno yatafutika. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilifika, au imeishia kwa jirani yako fundi saa? Msalimie sana. Mwambie nashukuru anavyokupelekea barua posta, maana wewe na simu ni paka na panya.

Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Bado niko kwenye ghala la chini la chuo, naosha vigae vya vyungu vya kale kwa mswaki, navianika juu ya magazeti, naviandika namba kwa wino mweusi. Chumbani kwangu nalala na baiskeli ya mwenye nyumba, anasema haina pengine pa kukaa. Mkataba wangu unaisha Desemba. Ndiyo maana nakuandikia.

Kuna nafasi imetangazwa. Ni ya utafiti kwa watu waliomaliza uzamivu, miaka miwili, mshahara kamili, kwenye taasisi inayoshughulika na akiolojia na urithi wa jamii za asili. Wanamtaka mtu anayetafiti mambo ya watu wake mwenyewe. Shangazi, ni kama wameiandika wakinitazama usoni. Nimeomba nafasi nne za namna hii kwa miaka mitatu na zote nimekosa. Safari hii nina kitu cha kuwaonyesha, kile chungu tulichokitoa kwenye mahame yetu nilipokuwa mwanafunzi. Mradi wote nimeujenga juu yake.

Sharti ni moja. Hawapokei ombi bila barua ya ridhaa kutoka kwa wenye eneo. Ukoo ulikuachia wewe mahame uyatunze, kwa hiyo sahihi inayotakiwa ni yako. Karatasi nimeiweka humu, ni kutia sahihi tu pale chini kulia. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 15 Juni.

Mwanao,
daktari asiyechoma sindano, kama unavyoniita


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Dawa ilifika. Fundi saa amejipaka kidogo, nimemwona anavyotembea siku hizi. Mguu wangu ni uleule, umeamua kuzeeka kabla yangu na mimi nimeuacha uzeeke. Wiki iliyopita nimechoma vyungu ishirini, vitatu vimepasuka, si vibaya. Kaburi la baba yako nimelipalilia. Lile jiwe la kichwani limeinama kidogo, nitamtafuta mwashi aliweke sawa.

Habari ya nafasi imenifurahisha. Nimesimama mlangoni nikaisoma mara mbili, wateja wakaniuliza kulikoni. Nikawaambia daktari wangu anatafutwa.

Ila sijaelewa kitu kimoja. Chungu gani? Mwaka ule mlipokuja na Profesa wako mimi nilikuwa nimelazwa kwa ajili ya mguu huuhuu. Niliporudi, baba yako aliniambia mlichimba upande wa bondeni, mkapata vigae na shanga mbili tatu, mkafukia, mkaondoka. Hakunitajia chungu kizima. Kile kitabu chako cha uzamivu ulichoniletea ninacho kabatini, lakini kimeandikwa kwa lugha ya wenyewe. Mimi huangalia jina lako kwenye jalada, nikalifuta vumbi, nikafunga.

Niambie mlichimba wapi hasa. Karatasi yako nitaisoma kwanza.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa vile vitatu vilivyopasuka. Mwashi akija usimlipe kabla hajamaliza, yule wa mwaka juzi alitukimbia na mwiko wake.

Baba hakukudanganya, ila hakumaliza. Tulianza bondeni kweli, tukakosa. Siku ya mwisho Profesa akasema tujaribu kile kilima kidogo karibu na mawe matatu. Baba alitukataza, akasema pale pana siafu. Tulicheka sana, maana hapakuwa na hata mmoja. Basi akakaa juu ya jiwe mchana kutwa akitutazama, chakula tulichomletea hakukigusa. Mimi nilidhani anaona fahari.

Nilikipata mimi mwenyewe, kwenye kina cha kiuno changu. Kilikuwa kimesimama wima, kimefunikwa kwa sahani ya udongo, na ukingo umezibwa kwa tope lililokauka. Chini ya ukingo pana alama tatu za kidole gumba. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichooza, na mifupa ya mtoto mchanga. Mchanga sana, huenda hata hakuwahi kulia. Vigae vilivyokuwa ubavuni mwake vina zaidi ya miaka mia nne, kwa hiyo tulikihesabu kuwa cha wakati huohuo.

Na hapa ndipo unapoingia wewe. Sura nzima ya tasnifu yangu inaeleza jinsi mkono wako unavyofanana na mkono wa fundi yule wa kale. Unene uleule wa ukuta, namna ileile ya kulainisha tumbo la chungu, alama zilezile za gumba ambazo bibi alikufundisha. Wasahihishaji waliipenda sana sura hiyo. Walisema ni nadra kumpata fundi aliye hai anayefinyanga kama waliotangulia kwa karne nne. Umo humo kwenye kitabu, Shangazi, ukurasa wa mia na kumi, ungejua kusoma lugha ya wenyewe ungejivuna.

Nimekuwekea picha. Tafadhali tia sahihi.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Picha imefika.

Kimewekwa wapi? Mahali penyewe ni pakavu? Vilivyokuwa ndani bado vimo ndani, au mlivitoa? Nani ana ufunguo? Watu huingia kuvitazama?

Usiniulize kwa nini nauliza. Mimi mfinyanzi, chungu ni kazi yangu.

Wiki hii sijafinyanga. Habari nyingine sina.

Shangazi yako


8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi kiasi kwamba niliitikisa bahasha nikidhani kuna karatasi nyingine. Unaumwa? Kama unaumwa niambie, usinifiche kama baba alivyotuficha mpaka akawa hawezi kunyanyuka.

Maswali yako nayajibu. Chungu kiko kwenye rafu ya chuma, ghala lina mashine ya kuvuta unyevu, ufunguo anao mtunza ghala na mimi. Mifupa ilitolewa siku nyingi. Iko kwenye kisanduku chenye pamba, chumba kingine. Hakuna anayeingia kuvitazama. Mara nyingi hapa ni mimi peke yangu na redio.

Sasa mambo yamenibana. Mshauri wa taasisi ameusoma mradi wangu, ameusifu, kisha akasema umri wa chungu tumeukisia kwa vigae vya ubavuni tu. Anataka kipimo. Maabara ya chuo ina foleni ya miezi minane, lakini kuna mtu amejitoa, na nafasi yake nimepewa mimi. Natakiwa kupeleka mfupa tarehe 20 mwezi huu, la sivyo naikosa. Nilikupigia simu mara sita. Mara ya mwisho akapokea fundi saa akasema umetoka. Nikamweleza yeye kila kitu akuambie.

Najua barua hii itakufikia siku zimepita. Naiandika hivyohivyo, ili usije ukasema sikukwambia. Na karatasi ya ridhaa bado sijaiona. Miezi mitatu, Shangazi. Ni sahihi moja. Nisipoipata nafasi hii narudi nyumbani na sanduku moja la nguo na cheti, na sijui nitaanzia wapi nikiwa na miaka thelathini na saba. Nisamehe kwa kukuandikia kwa hasira.

Mwanao


17 Mei

Mwanangu,

Fundi saa ameniambia ulichosema kuhusu kupima mfupa. Alinipa simu yake nikupigie. Niliishika nikaitazama, nikamrudishia. Dukani kwake kulikuwa na watu wawili wanasubiri saa zao, na haya si maneno ya kusemea dukani kwa watu.

Karatasi yako hii hapa, nimetia sahihi pale chini kulia. Chimbeni mahame yote, upande wa bondeni, kilimani, popote. Nyumba za waliotutangulia, majivu yao, shanga zao, vyote chukua uandike, nimeridhia. Nataka uipate nafasi hiyo. Nakuombea.

Ila hicho chungu kitoe kwenye maandishi yako. Kirudi. Na mlichokikuta ndani kisiguswe, kisipimwe, kirudishwe humohumo kilimokuwa. Hilo tu ndilo ninaloliomba, na sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe.

Barua hii naiandika mara ya nne. Zile tatu nimezichoma jikoni.

Shangazi yako


10 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Bahasha ina mihuri ya posta tatu, sijui ilikuwa inatalii wapi.

Sitazunguka. Mfupa niliupeleka tarehe 20 Mei. Niliupeleka mwenyewe kwa mkono, nikatia sahihi, nikarudi kazini. Sikujua. Nilidhani kimya chako ni uzito wa kuandika tu, na mguu.

Kuna la pili, nalo sina pa kulificha. Ombi langu nimelituma leo asubuhi, pamoja na karatasi yako ya ridhaa, na chungu nimekiacha humo. Nilijaribu kukitoa. Nilikaa nalo tangu jana mchana nikifuta hapa na pale, na nilipomaliza nikaona hakuna mradi uliobaki. Bila chungu kile mimi ni mtu anayeosha vigae kwa mswaki. Ridhaa yako nimeipeleka, sharti lako nimeliacha kwenye mkoba. Nimeona aibu hata kumtazama mtunza ghala.

Ungeniambia sababu ningejua la kufanya. Niambie sababu.

Mwanao


30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako wiki saba sasa. Fundi saa anasema upo, unakula, unafinyanga. Anasema ukiona simu inalia dukani kwake unavuka barabara.

Wiki hii nimepata barua mbili. Ya Jumatatu inatoka taasisi. Nimechaguliwa, kati ya watu mia na sitini. Wameandika kwamba kilichowavutia zaidi ni chungu, na fundi aliye hai ambaye mkono wake unafanana na wa kale.

Ya Alhamisi inatoka maabara. Mfupa ule hauna miaka mia nne, wala mia moja. Wanasema ni wa mtoto aliyekufa kati ya miaka arobaini na hamsini iliyopita. Nikawapigia nikawaambia wamechanganya sampuli. Hawakuchanganya.

Nimetoa picha zote za siku ile, nikazipanga sakafuni kando ya baiskeli ya watu. Mtu akichimba shimo ndani ya udongo wa zamani, udongo anaorudishia huwa na rangi nyingine, na ukuta wa shimo letu ukisafishwa vizuri mstari unaonekana. Ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Mimi sikuusafisha ukuta. Ilikuwa siku ya mwisho, gari linapiga honi, Profesa anasema haya haya. Kwenye picha moja mstari upo, umekatika wima kutoka juu mpaka kwenye chungu. Miaka kumi na tano sikuuona, maana sikutaka kuona ila chungu.

Nimekwenda ghalani nikakitoa rafuni. Nikaweka gumba langu kwenye zile alama tatu. Nilikulia kwenye ua wako, Shangazi, nikiponda udongo wako na kubeba maji yako. Niliandika kurasa arobaini kuthibitisha kwamba chungu hiki kinafanana na vyako, na haikunijia hata siku moja kwamba ni chako.

Ni chako?

Mwanao


22 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Ni changu. Na aliyekuwa ndani ni wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yake usiniulize, alishakwenda zake kabla mimba haijaonekana, na sasa hivi sijui hata kama yu hai. Mama alinificha ndani miezi minne, akawaambia watu nina homa ya manjano. Nilijifungulia chumba cha nyuma. Hakulia. Mama akamfunga kwenye kanga, akaishona kanga kwa uzi mweupe pande zote, akanipa. Akasema, usifungue, ukimwona hutamsahau. Nikatii. Miaka arobaini na sita sijamsahau na sijamwona.

Makaburini hakuweza kwenda, kwa sababu mtoto akizikwa lazima awe na mama, na mimi nilikuwa na homa ya manjano. Baba yako ndiye aliyenichukua. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, bado hajaota ndevu za maana. Akabeba jembe, mimi nikabeba chungu. Kilikuwa cha kwanza kufinyanga peke yangu kikatoka motoni bila ufa, nilikuwa nakiweka nimpelekee mteja. Nikasema tumpeleke kwenye mahame, kule waliishi watu wetu, hatakuwa mwenyewe. Baba yako alichimba mpaka akafika kwenye vigae vya wazee. Tulipomaliza alinishika mkono mpaka nyumbani, na hatukulisema tena jambo hilo, si siku ile, si alipooa, si ulipozaliwa wewe na nikakulea kama wangu.

Ukoo walipouliza nani atayatunza mahame nikajitolea haraka. Walishangaa msichana anataka mahali pa magofu.

Kaka yangu alinidanganya ili nisiumie, nami simlaumu. Lakini kila mwaka nimekuwa nikienda pale kwenye mawe matatu, nafagia, nakaa, namweleza habari za nyumbani. Habari zako pia nimemweleza. Miaka kumi na tano nimefagia mahali patupu. Hilo limeniuma kuliko yote, naliandika ulijue.

Kuhusu kukukubalia au kukukatalia kazi yako, nilishindwa. Ningesema ukweli, kitabu chako kinaanguka. Nisiposema, mwanangu anakaa kwenye pamba. Nikawa nangoja jambo lijiamue lenyewe. Nimekuwa mwoga, na woga wangu umemfikisha maabara.

Rudisha. Yeye na chungu, vyote, kama vilivyokuwa. Na nikuulize jambo moja, maana nyinyi mna mashine. Mlipompima, mlijua ni wa kike au wa kiume? Mama hakuniambia. Nilimwuliza mpaka siku anakata roho, akasema, lala mwanangu.

Shangazi yako


14 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako ghalani, nimekaa sakafuni, na mtunza ghala akanifungia mlango kwa nje ili watu wasiingie. Yule mzee sijawahi kumsikia akisema maneno kumi kwa siku. Aliniletea maji.

Nimewaandikia taasisi ukweli. Wamejibu kwa upole sana. Wamesema wanaheshimu uaminifu wangu, na nafasi amepewa aliyenifuata. Nimewaandikia pia chuo kuhusu ile sura ya tasnifu na makala niliyoitoa. Watakaa kikao. Profesa ananiambia ningenyamaza tu, hakuna ambaye angekuja kuukagua ukuta wa shimo lililofukiwa. Nikamwambia yule mtoto ni wa kwetu. Akakata simu. Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nililia siku mbili kwa ajili ya nafasi, nakiri, kisha nikaona aibu ninamlilia nani.

Kisicho cha kale hakina nafasi kwenye ghala letu, kwa hiyo kukitoa imekuwa rahisi. Nimejaza fomu tano. Palipoandikwa mmiliki nimeandika wewe. Palipoandikwa uhusiano na marehemu, nimeandika mama.

Umesema arudi kama alivyokuwa. Siwezi, Shangazi, na lazima nikuambie kabla hujamfungua. Mfupa wa paja haupo. Kipimo hicho huchukua mfupa wenyewe, huusaga. Ulikuwa mwembamba, hawakuweza kuchukua kipande wakaacha kingine, wakausaga wote. Niliupeleka mimi, kwenye bahasha, nikiwa na haraka. Ukinichukia kwa hilo nitaelewa. Ukisema nisije, nitampa mtu amlete.

Katika unga huohuo walipima na lile unaloliuliza. Liko ukurasa wa pili wa barua ya maabara. Nimekuwa nalo tangu Julai, nilipokuuliza kama ni chako nilikuwa nimeshalisoma, sikuthubutu kuliandika.

Ni msichana.

Mwanao


5 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba.

Nilikukasirikia siku nne. Fundi saa alikuja na chai yake nikamfukuza, masikini, na hana kosa. Kuhusu ule mfupa sitakuambia haidhuru. Inadhuru. Itaendelea kudhuru, na wewe utakuwa unaingia na kutoka kwenye ua wangu na tutakuwa tunajua wote wawili. Njoo hivyohivyo. Sina mwingine, na wewe huna mwingine.

Kazi utapata au utakosa. Chumba chako kipo, hakina baiskeli.

Msichana. Siku ya tano niliamka nikaliona hilo peke yake. Nilikuwa namwita yule. Yule ana miaka kumi sasa, yule angekuwa ameolewa, yule angekuwa ameanza mvi kama mimi. Sasa nimempa jina. Nimekaa nalo wiki nzima nikilisema nikiponda udongo, kuona kama linamkaa, na linamkaa. Kwenye karatasi siliandiki, maana kwenye karatasi ndiko alikopewa namba. Nitakuambia ukifika, na utakuwa wa pili kulijua.

Nimeanza kuchimba pale kwenye mawe matatu, kidogo kidogo, mguu unaniruhusu nusu saa kwa siku. Safari hii sina kaka wa kunishikia jembe. Ukiwahi utanikuta nimefika magotini.

Njiani watakuambia ukiweke chungu pamoja na mizigo. Kataa. Huyo ni dada yako, mpakate.

Shangazi yako